Jibu la Chumvi na Maji

Muhula wangu wa kwanza wa kufundisha kemia nilikuwa nikitapika kila Jumanne asubuhi. Mamangu alikuwa akinisikia kutoka jikoni, nyumbani kwetu Bondeni, na wiki ya tatu akanijia mlangoni mwa choo na kipande cha ndimu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina jambo la kumwambia. Sikuwa na mume wala mchumba, kwa hiyo nilielewa alichokuwa akikiuliza.

"Ni darasa, mama," nikamwambia. "Nina darasa saa mbili."

Aliniangalia, akaninusisha ile ndimu, akasema, "Basi hilo darasa lina nini ndani yake? Simba?"

Lilikuwa na watu arobaini na wawili. Wengine walikuwa wakisomea uuguzi, wengine kazi za maabara, wengine ukaguzi wa vyakula, na wote hawangeweza kuendelea bila kupita somo la mwanzo la kemia. Somo hilo hakuna mwalimu aliyelitaka, ndiyo maana likaniangukia mimi, wa miaka ishirini na sita, mwenye mkataba wa muhula mmoja. Nilikuwa nikiandika ubaoni kwa mkono wa kulia na wa kushoto nikiushikiza mezani ili wasiuone ukitetemeka.

Wiki ya kwanza kijana mmoja aliniuliza kwa nini barafu huelea. Nilikuwa nikilijua jibu tangu sekondari, lakini kwa ile hofu likanitoka kichwani lote. Nikasema, "Sijui. Nitaangalia." Darasa likacheka, wala si kicheko kibaya. Lakini alasiri yake mkuu wa idara akaniita ofisini.

"Nimesikia unawaambia hujui," alisema huku akitabasamu. "Mwalimu akisema hajui mara mbili, ya tatu hawaji darasani." Mkataba wangu ulikuwa mezani mbele yake, na alikuwa ameuwekea kikombe chake cha chai juu. Tangu siku ile neno "sijui" nikalizika.

Niliyemwogopa kuliko wote hakuwa kijana. Alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, mzaliwa wa Rabai, aliyerudi kusoma baada ya watoto wake kukua. Alikaa safu ya pili, daftari lake limefunikwa kwa gazeti, na kila siku baada ya kipindi alikwenda kazini, katika nyumba ya wageni pale Ndia Kuu, kufagia na kuosha mabafu. Tulipokutana nje nilimwamkia, "Shikamoo, mama," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Tukiingia darasani yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama kuniamkia. Sikuwahi kuizoea hali hiyo.

Maswali yake yalikuwa ya mtu anayefanya kazi kwa mikono. Mbona sabuni haitoi povu kwenye maji ya kisima cha Mji wa Kale? Mbona siki hung'arisha bomba lililoota kutu ya kijani? Hayakuwamo kitabuni kwa namna alivyoyauliza. Nikawa namjibu haraka, kwa sauti ya kujiamini, kisha nikifika nyumbani nafungua vitabu kuangalia kama nilichosema ni kweli. Mara nyingi, alhamdulillahi, kilikuwa kweli.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya somo la asidi na besi. Niliwaambia kila mmoja aje na kitu cha majimaji kutoka nyumbani tukipime kwa litmasi, zile karatasi ndogo zinazogeuka nyekundu kwenye asidi na buluu kwenye besi. Wakaja na maji ya ukwaju, ndimu, maziwa yaliyoganda, maji ya magadi, shampuu. Kwa mara ya kwanza darasa lile lilinichangamkia, na nikasahau kuushikiza mkono mezani.

Yule mama alileta chupa mbili kutoka kazini. Moja ilikuwa asidi ya kuoshea vyoo, ile inayouzwa sokoni kwa kupimiwa. Ya pili ilikuwa dawa ya madoa, ile yenye harufu kali inayorudisha weupe wa mashuka. Tukachovya. Ya kwanza ikageuka nyekundu kama damu. Ya pili ikageuka buluu.

"Kwa hiyo hii ni asidi na hii ni besi," nilisema.

"Na nikizichanganya, mwalimu?" akauliza. "Bafu la juu lina uchafu umeganda kwenye vigae, kila moja peke yake imeshindwa. Naweza kuzitia pamoja?"

Ubaoni, nyuma yangu, nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa kwamba asidi na besi zikikutana huuana makali, zikabaki chumvi na maji. Nilikuwa nimelirudia jambo hilo mara tatu asubuhi ile. Swali lake likaja kana kwamba limetumwa kunisaidia.

"Zikikutana zinakuwa chumvi na maji tu," nilisema. "Pengine zitapata moto kidogo. Lakini makali yote yataisha."

"Basi hazina madhara?"

"Hazina."

Akaandika. Nilimwona akiandika. Kisha akaniuliza jambo jingine, huku ameinyanyua ile karatasi ya dawa ya madoa kwa ncha za vidole: "Mbona hii yageuka tena, mwalimu? Ilikuwa buluu." Kengele ilikuwa imeshalia, viti vinasukumwa. Nikamwambia aiache kwenye sinia, tutaiangalia Jumanne ijayo.

Walipokwisha kutoka nilibaki nikiosha vikombe na mzee wa maabara. Alikuwa mtu wa bara, aliyefika Mombasa ujanani kwa kazi ya reli, na hakuwa na maneno mengi. Alikuwa akizitenga karatasi kwenye sinia, nyekundu huku, buluu kule, kwa sababu alipenda kuhesabu zilizotumika. Akafika kwenye moja akaishikilia mbele ya dirisha.

"Hii imeoshwa na nani?" aliuliza. "Haina rangi kabisa."

Nikaichukua. Ilikuwa nyeupe pe, kama karatasi isiyowahi kutiwa kitu. Na hapo ndipo nilipoelewa, tena kwa mara moja. Ile dawa haikuwa besi ya kawaida. Ndani yake mlikuwa na klorini, hiyo ndiyo inayokula rangi, na asidi ikiingia klorini hufukuzwa, ikatoka ikiwa gesi. Ni gesi ya kuunguza mapafu. Nilisoma habari zake chuo kikuu, nikazifanyia mtihani, nikapita.

Kikombe kilinitoka mkononi kikavunjika ndani ya beseni.

"Umejikata?" mzee akauliza.

"Nimemwambia uongo," nilisema. "Yule mama. Nimemwambia azichanganye."

Hakuniuliza mara ya pili. Akaenda kwenye ubao wa matangazo, akarudi na orodha ya darasa yenye nambari za simu. Nikapiga. Simu ilikuwa imezimwa. Alikuwa ametuambia mara moja kwamba akiwa kazini huizima, mwenye nyumba hapendi. Nikapiga tena na tena, kama vile simu iliyozimwa itanihurumia.

"Wewe nenda," alisema mzee. "Mimi nitaendelea kupiga."

Nikapanda tuktuk. Nilimwambia dereva Ndia Kuu, upesi, kuna mgonjwa. Njia nzima nilikuwa nikifanya hesabu. Ametoka chuoni saa nne. Atakuwa amefika saa nne na nusu. Kwanza atafagia, au ataanza na bafu? Sasa ni saa tano kasoro. Nikaomba aanze na kufagia. Nikaomba asidi iwe imemwagika njiani. Mwanzo wa Mji wa Kale lori lilikuwa likishusha saruji, limeziba njia nzima, na dereva akazima mota akaegemea usukani. Nikamtupia pesa nikashuka, nikakimbia na buibui langu nimelishika kwa mikono miwili kama mtoto. Watu wa maduka ya vinyago walitoka milangoni kuniangalia.

Sikuijua nyumba yenyewe. Nilijua ni ya wageni, ina ghorofa tatu, na mwenyewe ni bibi mjane. Mlango wa kwanza niliobisha haukuwa wenyewe. Wa pili, kijana mmoja aliyekuwa akipiga msasa kasha la mbao alininyooshea kidole upande wa pili wa njia.

"Hodi! Hodi hapa!"

Bibi alikuwa amekaa ukumbini akichambua mchele kwenye ungo. "Karibu. Ndoo, ingia ndani, mwanangu, mbona wahema hivyo? Wamtaka nani?"

"Yule mama asafishaye. Yuko wapi?"

"Yuko juu, bafuni. Yeo asubuhi hii kaja na furaha, asema kafundishwa chuoni, dawa zile mbili zikitiwa pamoja hazina neno."

Nikaupita ule ungo nikazishika ngazi. Zilikuwa zile ngazi za nyumba za kale, nyembamba, zilizosimama wima kati ya kuta mbili. Ghorofa ya kwanza sikusikia kitu. Nilipofika katikati ya ngazi za kwendea ya pili, ikanijia. Ni harufu inayofanana na ya bwawa la kuogelea, lakini ina meno. Macho yakaanza kuniwasha. Gesi ile ni nzito kuliko hewa, na nilijua maana yake: inashuka ngazi, inanijia.

Nikasimama.

Sitaki kuipamba habari hii. Nilisimama pale, mkono ukutani, nami mzima wa viungo vyote, na miguu ikakataa. Nilimwita, "Mama! Mama, toka!" na sauti ilikuwa ndogo, ile ile ya darasani wiki ya kwanza. Hakuna aliyeitika. Nikasikia kikohozi juu, kikavu, kisha kimya. Nikashuka vidato viwili. Ndiyo, nilishuka. Nilijiambia naenda kuita watu. Najua vizuri sana nilikuwa nikikimbia, na mpaka leo siwezi kusema nilikaa pale muda gani.

Kilichonigeuza hakikuwa ushujaa. Ilinijia picha ya kesho, nimesimama mbele ya watoto wake, wananiuliza ulikuwa wapi. Hiyo niliiogopa zaidi. Hapo kwenye kona ya ngazi palikuwa na pipa la maji. Nikavua ushungi, nikauchovya, nikaufunga puani na mdomoni ukidondosha maji kifuani, nikavuta pumzi moja nikapanda.

Alikuwa nje ya bafu, amekaa chini, mgongo ukutani, leso ameikandamiza mdomoni. Alikuwa amewahi kutoka, lakini miguu ilimwishia pale pale. Macho yalikuwa mekundu yakitiririka machozi, na kila pumzi ilikuwa ikipiga mluzi. Ndani, ndoo ilikuwa katikati ya sakafu, na juu yake hewa ilikuwa na rangi, manjano iliyoelekea kijani, kidogo sana, mtu asiyeijua angedhani ni mwanga wa dirishani. Nikauvuta mlango wa bafu nikaufunga.

Alinishika mkono akaelekea ngazi za kushuka. Kila mtu angefanya hivyo, nyumba ikiwa na hatari unakimbilia mlangoni. Nikamvuta upande wa pili. "Siyo chini, mama. Inashuka. Twende juu." Alikuwa mzito kuliko mimi. Nikamtia bega kwapani, tukapanda kidato kwa kidato mpaka juu kabisa, kwenye sakafu ya paa, mahali pa wazi palipoanikwa mashuka, na upepo ukatupiga usoni.

Nikaenda ukingoni nikapaaza sauti mpaka koo likaniuma: "Bibi, toka nje! Usipande! Watu wote watoke!" Nikamwona bibi akitokea njiani, ungo bado mkononi, na watu wakikusanyika. Kisha nikarudi kwa mama. Alikuwa amepiga magoti, mikono chini, anakohoa kikohozi cha kutapika. Nikamlegeza nguo shingoni. Midomo yake ilikuwa imeingia rangi ya kijivu. Sijawahi kuogopa namna ile. Hofu yangu yote ya nyuma, ya ubao na kicheko na mkuu wa idara, ilikuwa mchezo wa watoto.

Aliponiangalia alijitahidi kusema. Nikamwambia anyamaze, lakini akasema, neno moja kwa pumzi moja.

"Mwalimu. Ulisema. Chumvi. Na maji."

"Nilikosea, mama. Nilikosea. Nisamehe."

Akafumba macho. Sikujua kama amenisikia.

Majirani wakatuokoa. Sakafu ya paa la nyumba ile ilikuwa imepakana na ya jirani, imetengwa kwa ukuta mfupi tu, na yule fundi wa makasha na mwenzake wakapitia nyumba ya jirani wakauruka ukuta wakatufikia, wakambeba mama kwa shuka mojawapo lililokuwa limeanikwa, wakamshusha kwa ngazi za upande ule. Hospitalini daktari, msichana wa umri wangu, akamtia hewa ya mtungi puani na kuuliza bila kuniangalia, "Amevuta nini?"

"Klorini."

"Una hakika?"

"Ndiyo."

"Umejuaje?"

"Mimi ndimi mwalimu wake wa kemia."

Hapo akaniangalia. Akanieleza kwamba hatari haijaisha, kwamba mapafu yaliyoungua huweza kuvimba na kujaa maji saa kadhaa baadaye, mtu akidhaniwa amepona. Itabidi alazwe waangalie. Alasiri akaja bintiye mkubwa, karani wa ofisi moja ya mizigo Mbaraki, kitambulisho cha kazi bado shingoni. Nikamweleza yote, sikumficha kitu, wala lile la kusimama kwenye ngazi.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyemwambia," alisema.

"Ndimi."

Hakunitukana. Aliligeuza benchi lake akakaa akinipa mgongo, na tukakaa hivyo, yeye na mimi, tukisikiliza pumzi za mamake, mpaka muda wa kutazama wagonjwa ukaisha tukatolewa nje sote.

Asubuhi ya pili nilifika kabla ya geti kufunguliwa. Mapafu hayakujaa. Mama alikuwa ameegemea mito, sauti yake imekuwa kama ya mwanamume, na jambo la kwanza aliloniomba ni kalamu.

"Hiyo gesi yaitwaje?" akauliza. "Niandikie. Na uandike na sababu yake."

Nikaandika nyuma ya karatasi ya hospitali, mkono ukinitetemeka waziwazi mbele yake. Alisoma polepole. Kisha akasema, "Ile karatasi nilikuonyesha, mwalimu. Ilikuwa nyeupe."

"Ulinionyesha."

"Mbona hukusema hujui?"

Nikamweleza habari za mkuu wa idara na mkataba na kikombe cha chai. Nilipokuwa nikieleza niliona jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa dogo. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Mimi nimefanya kazi kwa watu miaka ishirini. Najua mtu anavyoiogopea kazi yake." Akageuza uso akalala.

Jumanne iliyofuata nikasimama mbele ya wale arobaini na mmoja nikawaambia. Niliwaambia nini kilitokea, na kwamba kosa si la mama bali ni langu, kwamba niliulizwa nisilolijua nikajibu kana kwamba nalijua. Nikachora ubaoni jinsi gesi inavyotoka. Nikawaambia wasichanganye dawa za kusafishia kamwe, hata mtu mwenye shahada akiwaruhusu. Hakuna aliyecheka. Kisha mwanafunzi mmoja wa uuguzi akanyoosha mkono akasema kwao huzichanganya kila Ijumaa, na mamake hukohoa mpaka jioni, nao walidhani ni pumu. Mwingine akasema hata wao. Na mikono ilikuwa inaendelea kupanda.

Mkuu wa idara aliniandikia barua ya onyo, na niliistahili. Mkataba haukukatwa, nadhani kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kulichukua somo lile. Muhula ulipokwisha wakanipa mwingine, na bado nipo. Siku hizi mtu akiniuliza nisilolijua, nasema sijui, na moyo wangu huruka kidogo kila mara, lakini nasema.

Mama alirudi darasani baada ya majuma matatu. Alikuwa ameacha ile kazi ya Ndia Kuu, bintiye alimkatalia. Alikaa pale pale safu ya pili. Siku yake ya kwanza, nikiwa katikati ya kuandika ubaoni, kikohozi kikamshika, kile kikavu chenye mluzi mwishoni, na chaki ikasimama mkononi mwangu. Sikuweza kugeuka. Nikasikia akinywa maji, akisafisha koo.

"Endelea, mwalimu," akasema. "Ni vumbi tu."

Nikaendelea. Lakini mstari ule, nilipokuja kuufuta mwisho wa kipindi, nilikuta nimeuandika mara mbili.